Chakula cha Kusini Chini ya Mlima Meru

Ukimuuliza mtu wa Arusha wapi atapata chakula cha Kusini, atakutajia korosho na ming'oko, kisha atakuuliza wewe ni wa Newala au wa Masasi. Kusini kwetu ndiko huko. Ila rafiki yangu mmoja, mlevi wa riwaya za Wamarekani weusi, aliponipigia simu kuuliza hivyo kabla ya kuja kupanda Mlima Meru, Kusini yake ilikuwa nyingine: Mississippi, Louisiana, Georgia, Carolina. Amesoma vitabu ambamo watu hawaachi kupika, akataka naye siku moja ashibe kama wao. Akadhani kwa vile Arusha ni mji wa watalii, basi kila chakula cha dunia lazima kina mlango wake.

Mimi bango la namna hiyo sijaliona kati ya Sakina na Usa River. Lakini nilimjibu kwamba chakula chenyewe kipo tele, kinamwagwa chini kwenye maturubai Tengeru kila Jumatano na Jumamosi, sema tu hakiitwi hivyo. Na nikamwambia kwamba watu wa huko kwenye vitabu vyake nao wapo hapa, tangu 1972, na mmoja wao alifia hapahapa. Akaona namtania. Haya ninayoandika ni majibu ambayo simu haikuyatosha.

Tuanze na bamia, kwa sababu bamia ina kichekesho chake. Wataalamu wengi wa mimea wanasema asili yake ni Afrika. Sisi Waswahili tunaiita kwa jina tulilolichukua kwa Waarabu. Sasa nenda Louisiana, ng'ambo ya bahari ya pili, kwenye ule mchuzi wao mzito wa kamba, kuku na soseji. Wanauita gumbo, na neno hilo linatokana na jina la bamia katika lugha za Kibantu za upande wa Angola na Kongo. Yaani sisi Wabantu tunaitaja kwa Kiarabu, na Wamarekani wanaitaja kwa Kibantu. Watu waliopakiwa melini Luanda hawakuruhusiwa kubeba hata kitambaa cha maana, lakini jina la mboga lilipita.

Karanga nazo zilifanya safari ya kwenda na kurudi. Zao lenyewe ni la Amerika ya Kusini. Wareno wakalileta Afrika, watu wa Kongo wakalipa jina la njugu waliyokuwa nayo zamani, nguba, halafu likavuka tena Atlantiki pamoja na watumwa na jina lake jipya. Mpaka leo mzee wa Georgia anaziita "goober", na masikio ya mtu mwenye njugu kwenye lugha yake hayasikii ugeni hapo. Ufuta, huko Carolina ya Kusini, bado unaitwa "benne", neno la Afrika Magharibi. Na ukifika Charleston ukakuta wali uliopikwa pamoja na nyama ukashika supu yote, jina lake linaandikwa pilau. Pilau! Kwao na kwetu neno lilitoka kwa Waajemi, kila mmoja akalipata kwa njia yake: sisi kwa majahazi na wapishi wa pwani, wao kwa njia ambazo wanahistoria wa chakula bado wanazibishania. Wanavyolitamka huwezi kulitambua, ila sufuria unaitambua.

Kuhusu mchele wenyewe, Judith Carney aliandika kitabu kinachoitwa Black Rice, kilichotoka 2001, akidai kwamba mashamba ya mpunga yaliyowatajirisha mabwana wa Carolina hayakusimama kwa nguvu za mikono ya watumwa tu, yalisimama kwa ujuzi wao pia, maana wengi walitoka Afrika Magharibi ambako mpunga wa Kiafrika ulilimwa kwa karne nyingi. Wanahistoria wengine walimpinga, hasa kwa hesabu za meli na idadi ya watu waliotoka maeneo ya mpunga. Ubishi haujaisha. Mimi nipo upande wa Carney kwa sababu moja ndogo: mtu aliyewahi kuona bonde la mpunga likitengenezwa anajua kwamba maji hayafundishiki kwa kiboko.

Kunde ndiyo ndugu wa karibu zaidi. Ilianza kulimwa Afrika, ikavushwa, na leo katika Kusini ya Marekani ni desturi kula kunde na wali siku ya Mwaka Mpya ili mwaka uwe na neema. Wanakiita Hoppin' John. Nilipomsimulia bibi yangu, mwanamke wa Nkoaranga ambaye ameila kunde maisha yake yote bila kuona neema yoyote ya ziada, aliuliza swali moja: "Na majani yake wanayafanyaje?" Kwa kawaida hawayali. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi wamesahau nusu."

Hapa lazima niseme jambo kabla rafiki yangu hajaanza kuota. Waliovushwa Atlantiki kwenda Marekani walitoka zaidi Afrika Magharibi na Afrika ya Kati. Wameru na Waarusha hawamo katika hadithi hiyo. Undugu ninaouzungumzia si wa damu. Ni wa mbegu, na wa namna watu walionyang'anywa vitu wanavyopika kilichobaki. Ukiusema kwa kiasi hicho unatosha. Ukiuzidisha unakuwa biashara ya kuuza vinyago.

Na katika hilo la kunyang'anywa, Meru ina lake la kusema. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, upande wa kaskazini-mashariki wa mlima, ili malisho yale wapewe walowezi wazungu wafuge ng'ombe wa nyama na maziwa. Nyumba zilichomwa. Wakulima na wafugaji wale walichanga fedha wakamtuma kijana wao, Kirilo Japhet, mpaka Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952, miaka mitatu kabla Nyerere hajasimama huko. Mwanasheria aliyewasaidia alikuwa Earle Seaton, mtu mweusi kutoka kisiwa cha Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Wawili hao walikuja kuiandikia kitabu kesi ile, na Ismael Mbise, mtoto wa Meru, akaifanya riwaya, Blood on Our Land, iliyochapishwa Dar es Salaam 1974. Kwa mpenzi wa vitabu anayekuja Arusha, hiyo ndiyo riwaya ya kuweka kwenye begi, kuliko vile vitabu vya simba vinavyouzwa hotelini.

Kwa nini naileta kwenye habari ya chakula? Kwa sababu chakula kikuu cha kushibisha cha watu wa hapa, loshoro, kinataka vitu viwili: mahindi na maziwa. Mahindi yanakobolewa, yanachemshwa mpaka yanalainika, yanapozwa, kisha yanachanganywa na maziwa mgando. Wengine wanatia na ndizi. Bakuli moja asubuhi, unafika jioni. Ukimwondoa Mmeru kwenye malisho ya Engare Nanyuki, umeondoa nusu ya bakuli. Wazee hawakuitaja kesi ile kwa lugha ya sheria. Walisema ng'ombe walikosa pa kwenda, na maziwa yakakata.

Sasa tuje Imbaseni.

Ukitoka mjini kwenda Moshi, unapita Tengeru, unapita Usa River, unakaribia Maji ya Chai, yapata kilomita 25 hivi. Hapo ndipo wanapoishi Pete O'Neal na mkewe Charlotte, ambaye vijana wote wanamwita Mama C. Pete ni mtu wa Kansas City, Missouri. Mwaka 1969 aliongoza tawi la chama cha Black Panther katika mji huo. Mwaka huohuo akashtakiwa kwa kusafirisha bunduki kuvuka mpaka wa jimbo, akahukumiwa kifungo cha miaka 4 mwaka 1970, na badala ya kukitumikia akaondoka na mkewe. Wakapita Sweden, wakakaa Algeria, na mwaka 1972 wakaingia Tanzania. Charlotte ameweza kwenda Marekani na kurudi. Pete, kwa zaidi ya miaka 40, hakukanyaga; rufaa zake hazikufua dafu. Mwaka 1991 wakaanzisha kituo chao cha jamii, United African Alliance Community Center, wakafundisha watoto wa kijiji Kiingereza, kompyuta, uchoraji na muziki, na baadaye wakalea watoto hapohapo. Filamu ya habari juu yake, A Panther in Africa, ilitoka 2004.

Jirani yao Imbaseni alikuja kuwa Geronimo Pratt, aliyejiita ji Jaga. Huyu ndiye mtu wa Kusini halisi: alizaliwa 1947 Morgan City, Louisiana, mji wa wavuvi wa kamba. Alikaa gerezani California miaka 27 kwa kosa la mauaji ambalo hukumu yake ilikuja kutenguliwa, akatoka 1997. Alifariki hapo Imbaseni tarehe 2 Juni 2011. Kuna watu wanaomjua kama baba wa ubatizo wa Tupac tu. Mimi nikipita barabara ile nafikiria kitu kingine: mtu wa mji wa gumbo anamalizia siku zake mahali ambapo bamia mbichi unazipata sokoni kwa sado, lakini bahari iko mbali na kamba wanaletwa na barafu.

Kansas City, kijiografia, si Kusini. Hapa inabidi kujua habari ya uhamiaji. Kuanzia miaka ya 1910 Wamarekani weusi, mamilioni kwa mamilioni, waliikimbia Kusini kwenda miji ya viwanda, wakabeba jiko lao kichwani, kama msemo wetu ungekuwepo. Mtu anayeitwa baba wa nyama choma ya Kansas City, Henry Perry, alitoka Tennessee, karibu na Memphis, na mnamo 1908 alikuwa akiuza nyama ya kukausha kwa moshi kwenye kibanda, amefunga kwenye gazeti. Gazeti! Kila mtu aliyekulia Arusha enzi za karanga na mishikaki ya kufungwa kwenye karatasi ya Uhuru na Mfanyakazi anaijua ladha ile, wino na yote. Mwanafunzi wake Perry ndiye aliyeiendeleza kazi, na mji ule leo unajulikana duniani kwa nyama kuliko kwa kitu kingine.

Lakini ukitaka kujua chakula kilimaanisha nini kwa vijana wale waliokuja kuishi chini ya Meru, usiangalie nyama choma. Angalia chai ya asubuhi. Januari 1969, katika kanisa moja la Oakland, California, Black Panther walianza kuwapikia watoto kabla ya kwenda shule: mayai, mkate, nyama ya nguruwe, na grits, ule uji mzito wa mahindi ya kuparaza ambao ni Kusini tupu. Mpango ukasambaa mji hadi mji. Tawi la Kansas City nalo likaufanya. Bunduki na koti jeusi la ngozi ndivyo vinavyokumbukwa kwenye mabango, ila J. Edgar Hoover, mkuu wa FBI, aliona mbali zaidi. Mei 1969 aliwaandikia maofisa wake kwamba mpango ule wa kulisha watoto ndio shughuli ya chama yenye ushawishi mkubwa kuliko zote, kwa hiyo uvunjwe. Serikali kubwa ya dunia inaogopa sufuria ya uji. Sasa unajua kwa nini kituo cha Imbaseni kilianza na watoto.

Na hawakuwa wa kwanza kujifunza hilo. Bob Moses, mwalimu wa hesabu kutoka New York aliyekwenda Mississippi kuandikisha watu weusi kupiga kura, aliliona kwa macho. Msimu wa baridi wa 1962 kuelekea 1963, wakubwa wa wilaya ya Leflore walisimamisha mgawo wa chakula cha serikali ya shirikisho, unga, mchele, maziwa ya unga, uliokuwa ukiwalisha watu zaidi ya 20,000, karibu wote weusi. Ujumbe ulieleweka: mnaotaka kura, mtakula kura. Moses na wenzake wakaanza kuomba chakula nchi nzima, malori yakaja, na kila aliyepanga foleni ya unga akapata na somo la kujiandikisha. Njaa iliyokusudiwa kuwatawanya ikawakusanya.

Huyu Moses, mwaka 1969, alikuja Tanzania na mkewe Janet. Wakakaa Same, mwendo wa basi kutoka hapa, akifundisha hesabu sekondari mpaka 1976. Zamani nilikuwa nikisoma majina haya kwenye vitabu kama majina ya sayari nyingine. Kumbe kuna Wapare walioadhibiwa kwa kutokumaliza zoezi na mtu aliyekesha kwenye jela za Mississippi.

Mapokezi yetu, tuseme ukweli, hayakuwa asali wakati wote. Azimio la Arusha la 1967 liliwavuta, Nyerere aliwafungulia mlango, lakini mwaka 1974 silaha zilipokutwa kwenye shehena ya Wamarekani weusi bandarini, wengi wao walikamatwa na kuhojiwa, na baadhi wakafunga mizigo. Seth Markle ameyaandika hayo vizuri katika kitabu chake cha 2017 juu ya Tanzania na harakati za watu weusi. Waliobaki walijifunza kula kilichopo.

Na kilichokuwepo miaka ile? Hapa ndipo historia inapopindua sahani. Ukame wa 1973 hadi 1975 na misukosuko ya kuhamia vijijini ilileta njaa, na nchi ikaagiza nafaka nje. Ukaja unga wa mahindi ya njano kutoka Marekani. Wananchi wakaubatiza unga wa Yanga, kwa rangi ya jezi. Ukarudi tena mwanzoni mwa miaka ya 80. Bibi yangu hadi leo hautaji bila kukunja pua: kwake unga wa njano ni chakula cha foleni, cha kadi ya duka la kijiji, na cha aibu. Mama zetu waliuchanganya na muhogo ili watoto wasione rangi. Sasa fikiria Mmarekani mweusi amekaa foleni ile Arumeru, amefika mbele, anakunjuliwa gunia, anakuta unga wa mahindi wa kwao. Kwa jirani yake ni balaa. Kwake ni mkate wa mahindi. (Ingawa na hao wana ugomvi wao: wazee wengi wa Kusini wanashikilia kwamba unga wa kweli ni mweupe, na wa njano ni mambo ya watu wa kaskazini. Wangeelewana na bibi.)

Mahindi yenyewe yana fumbo la jina nalipenda. Yalitoka Amerika, Wareno wakayaleta pwani, na Waswahili wakayaita mahindi, ya Wahindi, kwa kuwa kila kigeni kilichokuja kwa jahazi kilidhaniwa kimetoka India. Wazungu wa Marekani nao wakayaita nafaka ya Wahindi, wakiwa na maana ya wenyeji wa Amerika, ambao nao waliitwa Wahindi kwa sababu Columbus alidhani amefika India. Kwa hiyo pande mbili za dunia zimelipa zao moja jina moja, na zote zimekosea.

Katika Kusini ya Marekani, mahindi yaliua pia. Hili haliandikwi kwenye vitabu vya mapishi. Wenyeji wa Amerika walikuwa wakichemsha mahindi kwa majivu au chokaa, na kitendo hicho hufungua vitamini ya niasini ambayo vinginevyo mwili hauipati. Kusini ilirithi mahindi na kipande tu cha ujuzi huo. Mwanzoni mwa karne ya 20 wapakulima na watu wa viwanda vya pamba, weusi kwa weupe, walikuwa wakiishi kwa unga, mafuta ya nguruwe na asali ya miwa, wakapata pelagra: ngozi inababuka, tumbo linaharibika, akili inapotea. Wakubwa walidai ni ugonjwa wa kuambukiza. Daktari Joseph Goldberger, aliyetumwa na serikali mwaka 1914, alionyesha kwamba ni chakula, ni umaskini. Ndiyo maana mtu akiniambia habari za "chakula cha roho" kwa sauti ya kimahaba, huwa nakumbuka kwamba mboga za majani, kunde, na kile kipande cha samaki hazikuwepo pale kwa utamu tu. Ndizo zilizowaweka hai waliokuwa na kibustani. Loshoro nayo, maziwa yake si pambo.

Basi rafiki yangu alikuja, nikamtembeza. Sitayasimulia yote, maana tulikula siku tatu.

Kitu cha kwanza kilikuwa sukuma. Ni mboga ileile wanayoiita collards, au pacha wake. Wao wanaichemsha saa nzima na zaidi pamoja na nguruwe wa moshi, na lile rojo la chini ndilo linalogombaniwa, la kuchovyea mkate. Sisi tunaikata nyembamba kama nywele, tunaikaanga dakika tano, tunaitoa ikiwa kijani. Mama lishe mmoja wa Soko la Kilombero alipoelezwa habari ya saa nzima alimtazama rafiki yangu kwa huruma. "Kaka, mkaa wenyewe bei gani?" Historia ya upishi imejaa maswali kama hilo, na si watu wengi wanaoyauliza: nani alikuwa na kuni, na nani alikuwa na muda.

Nyama tulikula Kwa Mrombo, kama watu wote. Mbuzi, chumvi, ndizi za kuchoma, pilipili pembeni, na kinachotafunwa kinatafunwa kweli. Mtu wa Kansas City anachoma kwa moto mdogo na moshi mwingi, saa kumi na zaidi, mpaka mfupa unatoka wenyewe, halafu anapaka mchuzi mtamu wa nyanya. Kwetu nyama inayoachia mfupa yenyewe ingeshukiwa. Siwezi kusema ipi bora. Nasema tu kwamba ukitaka kilicho karibu zaidi na mbavu za Kusini, usiende kwenye mbuzi, nenda kwenye kitimoto, na sihitaji kukuelekeza kwa sababu Arusha nzima inanukia. Kama hauli nguruwe, jioni pita Mtaa wa Msikiti kwa Khan, ambako mchana ni vipuri vya magari na usiku ni kuku wa kuchoma. Hakuna Kusini hapo, ni Uhindi na Uswahili, lakini shibe ni shibe.

Asubuhi ya pili, supu ya makongoro. Kusini wanakula miguu ya nguruwe na utumbo wake, kwa sababu paja lilikwenda nyumba kubwa. Sisi miguu ya ng'ombe hatukupewa na bwana yeyote. Tuliila kwa kuwa ng'ombe hatupwi. Vyakula viwili vinavyofanana, vimefika mezani kwa njia mbili, na rafiki yangu, ambaye alikuwa tayari ameshaanza kutunga insha kichwani, hakupenda nilipomwambia hivyo. Alitaka viwe kimoja. Akamalizia bakuli.

Watalii wengi hawafiki huku. Wanatua uwanja wa Kilimanjaro usiku, wanalala, asubuhi wanapewa lanchi boksi yenye paja la kuku, yai, ndizi na juisi ya boksi, wanapelekwa Serengeti. Chakula cha Arusha wanakiona kwenye kioo cha gari. Hata Tengeru yenyewe wanaipita bila kujua kwamba kuanzia 1942 maelfu ya wakimbizi wa Poland, waliotokea kambi za Siberia, waliishi pale, wakalima na kuoka mikate yao kwa miaka, na makaburi yao bado yanatunzwa. Mlima huu umelisha wageni wengi waliofukuzwa kwao. Wenyeji wake wenyewe, mwaka 1951, ndio waliokosa nafasi.

Kilichobaki ni mkate wa mahindi, na huo hauuzwi popote ninapopajua, utaupika mwenyewe. Tuliupika siku ya tatu uani kwa bibi. Chukua dona, si sembe, vikombe viwili. Maziwa mgando kikombe na nusu, nayo yanachukua nafasi ya yale maziwa chachu ya Kusini bila mtu kuona tofauti. Mayai mawili, chumvi, magadi soda kijiko kidogo. Sukari usitie, au tia, huo nao ni ugomvi wa Carolina na watu wake. Sufuria nzito ipate moto kwanza na mafuta mpaka yatoe harufu, ndipo umimine. Funika kwa sinia, pakia makaa juu na punguza ya chini, kama unavyooka keki ya sikukuu. Huko Kusini, kabla ya majiko ya umeme, walifanya vilevile kwa chungu cha chuma chenye mfuniko wa kubeba makaa.

Tulitumia unga wa njano, rafiki yangu alikuwa ameununua duka kubwa la mjini kwa bei ya kutisha. Bibi alikula kipande kwa kunde, akala cha pili, akauliza unga ule umetoka wapi. Tukamwambia. Akaangalia sahani muda mrefu, kisha akasema mwaka ule wa foleni hakuna aliyewaonyesha kwamba unapikwa hivi.